Rede, Newala

Mpira wa soksi ulimjua Somoe.
Akiurusha haupai, unapita chini, ubavuni,
na wa katikati anakufa
chupa haijafika nusu mchanga.

Muhula huu Asumini kaja na wa tenisi,
wa kijani, mjomba kautoa Masasi.
Unadunda. Unaruka paa la ghala la korosho,
tunakwenda watatu kumbembeleza mlinzi.
Chupa zinajaa, zinamwagwa, zinajaa tena.
Somoe hajaua mtu tangu Jumatatu.

"Mkono umezeeka," wanamcheka.
Ana miaka kumi na moja.

Leo kajibanza nyuma ya choo cha walimu
anaufumua ule wa zamani:
soksi, nailoni, sufi,
soksi nyingine,
kokoto, sawa na korosho yenye ganda.

Nikapapasa kovu la gotini.

Kumbe.