Jiwe la Pipa la Kabichi

Huku milimani Armenia mawe ni mepesi,
majivu ya volkeno yaliyoganda, rangi ya waridi lililofifia.
Ukiligonga kwa nyundo, lililo zima huimba;
lenye ufa hukohoa.

Mwezi wa tatu sasa tunabandua saruji.
Wanaotuhimiza kuziba ufa
hawatuambii tuuzibe kwa kitu gani:
miaka ya sitini walikuja na magunia,
wakalivika kanisa koti gumu lisilopumua,
na maji yaliyoingia yakakosa mlango.
Nyuma ya koti, jiwe limekuwa unga.
Unaligusa, linabaki kidoleni.

Chokaa hukubali kuvunjika kwanza
ili jiwe lisivunjike.
Hayo alinifunza Mkrtich mwashi, siku ya kwanza,
kisha akarudia sigara yake.

Asubuhi moja Hripsime akaja akisukuma kigari cha mtoto.
Ndani, chini ya shali, jiwe.
"Ni lenu. Siku ardhi ilipotikisika
lilidondokea bustanini kwangu,
na mimi nilikuwa na pipa la kabichi
lisilo na kizito cha kulikandamiza."
Miaka thelathini na tano ya achari!
Lilinuka kitunguu saumu,
lilinuka majira ya baridi yote waliyonusurika.

Mhandisi alipima, akatikisa kichwa:
limekunywa chumvi mno,
likirudi ukutani litajila lenyewe.
Chongeni jipya.

Mkrtich hakujibu. Aliligeuza,
akapitisha kidole gumba ubavuni,
juu ya alama ndogo kama unyayo wa kuku:
fundi fulani, karne fulani,
alijiwekea hesabu ya ujira wake.

Tukalilaza kwenye beseni.
Tukabadili maji kila jioni, wiki tisa.
Tukalibandika karatasi iliyopondwa, mbichi,
kama kitambaa kwenye paji la mwenye homa,
na kila ilipokauka iliota unga mweupe.
Niliulamba, Mkrtich alipokuwa hatazami.
Kabichi.

Mstari wa nne, la tano kutoka mlangoni:
liliingia
bila kusukumwa.

Hripsime hakulia, kama nilivyotarajia.
Aliuliza, sasa pipa lake atalikandamiza na nini.
Nikampa bonge la saruji tuliyobandua.
Alilipima mkononi, akalinusa,
akaliweka ndani ya kigari, chini ya shali.
"Hili," akasema, "angalau halinywi."