Kisu Hakionyeshwi

Saa kumi alfajiri, kabla muadhini hajasafisha koo,
baba huingia bandani bila taa.
"Taa huwashtua," husema,
"na ng'ombe aliyeshtuka hukufichia maziwa."
Halafu huwaamkia mmoja mmoja kwa jina:
Shungi. Marashi. Bi Harusi mwenye pembe moja.
Sisi watoto alitusalimu kwa mkupuo.

Hapa Jomvu Kuu shamba letu si lile la kwenye kalenda.
Ni kiwanja cha futi hamsini kwa mia,
mabati, minazi minne, ukuta wa jirani,
na ng'ambo ya ukuta malori ya bandarini
yakikohoa usiku kucha.
Malisho huja kwa miguu:
machicha ya nazi kutoka kwa Mbeyu mpika mbaazi,
maganda kutoka kwa Nyevu wa viazi vya karai,
mabua ya mchoma mahindi wa stendi.
Jioni maziwa huwarudia kwa njia ile ile,
na daftari langu husema:
Nyevu, nusu lita, atalipa.
Mbeyu, lita, amelipa kwa machicha.
Mama Saumu, robo, mtoto ana surua, baba kasema usiandike.

Mwaka ule mifereji ilipokauka siku tisa
baba alinunua maji ya mkokoteni, mitungi kwa mitungi,
na Mwero akasema juu ya ukuta, si kwa sauti ya chini:
"Watu wana kiu, ng'ombe wanaoga."
Baba hakujibu.
Alitoa pipa nje ya lango, akaninginiza kata,
akarudi kuwapimia Marashi na wenziwe nusu ndoo,
huku akiwaomba radhi.
Maziwa yakashuka.
Nilinuna mimi;
karo yangu ya chuo ilikuwa ndani ya pipa lile,
na Mwero alichota mara mbili.

Dalali alikuja kwa ajili ya Shungi.
"Miaka kumi na minne, Mzee Mwijaa.
Hazai. Hakamiki. Anakula bure."
"Hata mimi," akasema baba,
akaendelea kumkuna Shungi nyuma ya sikio,
pale ambapo mkono wake mwenyewe
umeshachimba kijishimo.
Dalali aliongeza elfu tano. Akaongeza tatu.
Kisha akaomba maziwa ya mgando, akanywa, akalipa, akaenda.

Sasa mikono ya baba inatetemeka.
Kaka yangu Famau yuko Doha, anatuma pesa na picha za majengo.
Ijumaa ya Idi baba alinitazama kwa muda,
akanikabidhi kisu kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.
"Usikinoe mbele yake.
Usimchinje mwenzake akiona.
Na maji. Maji kwanza."

Nilikinoa nyuma ya jiko, redio ikiwa juu
ili mbuzi asisikie.
Majirani walikuwa wamekwisha fika na mabeseni:
Nyevu, Mama Saumu na yule mtoto, sasa mrefu,
Mwero pia, beseni lake kubwa kuliko yote.
Nikaweka ndoo.
Mbuzi akanywa.
Akainua kichwa, maji yakidondoka kidevuni,
akanitazama kwa yale macho yao yaliyolala upande,
akainama, akanywa tena.
Nikahema. Mtu akakohoa. Beseni likagonga beseni.

"Mwache," baba akasema kutoka kigodani.
"Yeye hana haraka."

Nikamwacha.
Kisu kilikuwa mgongoni mwangu, ndani ya kanga,
baridi yake ikinipanda uti wote,
na mbuzi akanywa
kama ndoo haina mwisho.