Saa Tisa Usiku, Ngamiani

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa kanisa,
saa zote za kuabudu zimepata wenyewe
isipokuwa tisa ya usiku.
Nafasi ile tupu ilinitazama Jumapili mbili.
Ya tatu nikaandika: Skolastika Mhando, fundi nguo,
Barabara ya Kumi na Nne.
Si utakatifu. Ni haya.

Basi kila usiku wa kuamkia Ijumaa
natoka na baiskeli ya marehemu,
dinamo inanung'unika, mbwa wamenizoea.
Bwana Hizza, mlinzi, ananifungulia geti kwa kichwa tu.

Kijitabu kinasema: jiweke mbele ya Mungu.
Nimejiweka. Magoti kwenye saruji,
macho kwenye ule mduara mweupe,
na akili, ah, akili
iko mezani pa kukatia:
bega kumi na sita, kiuno thelathini na nne,
mama wa Msambweni hajamalizia elfu saba,
gauni la komunyo la bintiye Leokadia
halina mkono wa kushoto.
Naivuta irudi. Inarudi kama mbuzi,
miguu ya mbele imekita chini.
Naifunga kwa jina moja, Yesu,
nalitaja pumzi ikiingia,
nalitaja ikitoka,
na mbuzi anakula kamba.

Mwaka mzima hivyo.
Nuru sikuiona, sauti sikuisikia.
Nilipomweleza padri, akauliza tu:
"Na Yeye, unadhani anatazama wapi?"

Sikumjibu.
Lakini juzi mchana mkanda wa cherehani ulikatika,
na hapo ndipo nikazisikia kelele
nilizokuwa nikiishi ndani yake tangu asubuhi,
kwa kuwa zilikuwa zimekwisha.
Usiku, pale kwenye saruji,
kitu kilikatika vilevile.
Sijui dakika ngapi. Pengine tatu.
Hapakuwa na Skolastika anayesali.
Palikuwa na kutazamwa.

Kisha nikalala. Ndiyo, nililala,
paji la uso juu ya benchi,
hadi msikiti wa nyuma ya soko uliponiamsha
kwa Kiarabu ninachokielewa tangu utoto:
swala ni bora kuliko usingizi.
Nikacheka peke yangu mbele ya Sakramenti Kuu,
nikafuta mate bengoni kwa ncha ya kanga.

Nje Bwana Hizza alikuwa akitawadha kwa kopo.
Hatukusemeshana.
Nikapanda baiskeli.
Gauni la mtoto bado halina mkono wa kushoto.