Pasi ya Saa Tatu Usiku

Julai ya Sanawari haibishi hodi.
Inapita chini ya mlango,
inapita kwenye kioo kilichovunjwa na mpira mwezi Machi,
nikasema nitaziba, nitaziba,
hadi Meru ukajifunika mawingu na mimi sijaziba.

Leo nimeziba. Kwa vipande vya sare za shule,
buluu na kaki, makombo ya mkasi wangu.
Ufa wa mlangoni nimeushonea nyoka wa kitambaa,
tumbo nimemjaza maranda ya Mzee Ndetaulwa seremala,
na Kaanaeli kamtia macho ya vifungo visivyofanana.
Sasa baridi ikija inakuta inatazamwa.

Hita ipo.
Kaka yangu Anandumi aliituma kutoka Dar,
huko anakolala bila shuka na bado analalamika.
Tuliiwasha usiku mmoja. Nyaya zilipoiva wekundu
tukanyoosha viganja, tukacheka
kama watu waliookota hela njiani.
Lakini Luku yetu ni moja, vyumba ni vinne,
na mpangaji wa chumba cha tatu anajua hesabu.
"Mama Kaa, uniti kumi na moja zimelala wapi?"
Zililala kwangu, shemeji. Zikaota moto, zikaondoka.
Tangu siku hiyo hita ni meza ya nyuzi na sindano.

Maharage nayachemsha alfajiri, yatokote hasa,
kisha sufuria naliepua na povu lake,
nalizika ndani ya kikapu cha viraka,
juu nalivika sweta langu la zamani, nafunga mikono yake kifundo.
Saa saba mchana yameiva, na jiko halijui.
Kopo moja la mkaa siku hizi linanifikisha Alhamisi.
Kaanaeli akalizunguka lile sufuria, akaniuliza:
"Kwa hiyo maharage yana sweta,
mimi nina kaptula?"

Nikakaa kimya. Kesho yake nikashuka Kilombero,
nikachambua mitumba mpaka vidole vikafa ganzi,
nikapata koti zito la watu wa theluji,
kwenye kola jina la mwenyewe limefifia, halisomeki.
Mikono yake miwili ikawa miguu miwili ya suruali.
Mgongo bado ninao. Nawaza.

Lakini siri yangu hasa ni pasi.
Pasi ya mkaa, ya marehemu mama, ina jogoo kwenye komeo.
Nikimaliza kunyoosha nguo za watu, saa tatu usiku,
tumboni mwake makaa bado yana maneno.
Siyakatishi. Nafunua kitanda,
napiga shuka kuanzia ukutani,
nashuka hadi miguuni, napanda, napiga blanketi,
mto, soksi jozi moja,
jogoo anakwenda na kurudi bila kuwika,
chumba kinanuka pamba na sabuni ya mche.
"Ingia!"
Naye anaruka, kabla joto halijabadili mawazo.

Moto haulali nasi, hata uwe mdogo namna gani.
Naijua nyumba iliyofunga madirisha ikalala na jiko lake;
asubuhi tulioamka ni sisi majirani.
Kwa hiyo natoka na pasi, kanga kichwani,
manyunyu yananitafuta shingo,
nayamwaga makaa kando ya ukuta.
Mbwa wa mwenye nyumba ameshafika. Anangoja yapoe,
ajiviringishe juu ya jivu. Na yeye hana Luku.

Narudi. Upande wangu wa kitanda
umeshasahau kwamba ulipigwa pasi.
Najikunja, nahesabu: mkaa, kodi, uzi mweusi,
daftari la hesabu za mtoto.
Halafu unyayo mdogo unanigusa kiunoni,
wa moto kama andazi.

"Mama," anasema, nusu yake imeshalala,
"sogea huku. Hapa bado."