Duara Juu ya Jiwe la Walenty

Bi Genowefa aliingia dukani na baridi yake,
akaikung'uta kofia ya sufu mlangoni,
akaiweka simu mezani pangu
kama mtu anayeweka yai.
"Tazama, Bwana Ksawery. Amekuja."

Picha ya makaburini, jioni ya mosi Novemba,
Sanok nzima imepanda kilima na mishumaa,
vioo vyekundu, vioo vya kijani.
Jiwe la Walenty. Krisanthemamu nyeupe kwenye chungu.
Na juu ya jina lake, kushoto kidogo,
duara:
hafifu, kamili, lina ukingo mithili ya pete.

Miaka thelathini na minne nafungua kamera za watu.
Nimeletewa malaika; alikuwa mkanda wa kamera.
Nimeletewa moshi wenye uso; kidole gumba, tena kichafu.
Nimeletewa miezi miwili juu ya kanisa,
mmoja wao taa ya barabarani
iliyojirudia ndani ya vioo vya lenzi.
Ukweli nimeusema, na wateja nimewapoteza.
Mmoja alinirushia risiti.

Nikavuta pazia.
Nikakung'uta kitambaa changu cha kazi
na kupiga picha gizani, taa ikimulika.
Maduara kumi na moja.
"Hawa nao ni kina nani?"
Akainama, akahesabu. "Vumbi lako."
Nikazima taa ya kamera, nikapiga tena.
Rafu. Saa ya ukutani. Hapakuwa na mgeni.

Nikamweleza: taa ya simu na jicho la simu
ni majirani wa ukuta mmoja.
Chembe ikipita karibu mno na jicho,
taa huichoma kwa nuru,
jicho hushindwa kuikaza,
basi huitandaza, punje ikawa mwezi.
Na ukingo ule si taji, Bi.
Ni umbo la tundu la lenzi lenyewe.

"Lakini kule hapakuwa na vumbi."
Kweli. Ardhi ilikuwa imelowa siku tatu.
"Mvua je?"
"Ilikatika adhuhuri."
"Baridi?"
"Digrii mbili. Vidole vilikuwa vinauma."
Nikasita. Swali lililobaki
halikuwa la fundi kumuuliza mjane.
"Ulipobonyeza, ulikuwa kimya?"

Akafunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.
"Kimya kwa nini? Nilikuwa naongea naye.
Nilimwambia bomba la jikoni limevuja tena,
kwamba Halszka amefaulu udereva, mara ya tano,
kwamba viazi vya mwaka huu ni vidogo, vya kuudhi."

"Basi ni pumzi yako," nikasema.
"Mvuke wa kinywa. Tone moja lilipita mbele ya jicho."

Nikangoja hasira. Nikangoja kilio;
leso ninazo, droo ya pili, chini ya betri.
Yeye akaikuza picha kwa vidole viwili,
akaikuza mpaka duara likajaza kioo chote
na jina la Walenty likatoka nje ya picha.
"Neno gani?"
"Sijui, Bi."
"Bomba, au viazi?"
Kamera haiandiki hayo. Nikamwambia.

Akasogeza kwenye picha iliyofuata:
jiwe lilelile, maua yaleyale, taa imemulika vilevile,
hewa safi kama bakuli lililooshwa.
"Hii mbona haina kitu?"
"Huenda ulikuwa umenyamaza."
"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nasubiri anijibu."

Mashine ikaunguruma kwa muda mrefu kuliko kawaida.
Aliichagua ile ya kwanza, kumi kwa kumi na tano.
Duara sikulifuta, hakuniomba nilifute.
Zloti tatu, akalipa kwa sarafu ndogondogo.
Akaomba kalamu, akaigeuza picha,
akaandika nyuma yake, polepole, kwa herufi za shuleni:

Si yeye.
Ni mimi, saa kumi na moja na dakika arobaini,
namweleza habari za bomba.