Waridi la Nane

Kamati ya msikiti imenipa siku tatu
kukwangua mihirabu.
Rangi ya mafuta ya kijani, chini yake nyeupe,
chini yake kijani nyingine iliyokoza kama kisamvu,
halafu chokaa, tabaka juu ya tabaka,
kila Shaabani mkono wa mtu na brashi ya makumbi.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri,
chokaa ikabanduka kipande kizima
kama ganda la yai la kuchemsha
na tumbawe likanitazama.

Mawaridi, upande wa kushoto,
yamepangwa juu ya kamba iliyosokotwa kwa jiwe.
Kila moja petali nane; nimezihesabu kwa ukucha.
La nane lina tano.
Tatu zimechorwa tu, mstari mwembamba kama wa wanja.
Patasi haikurudi.

Fundi Shekuwe, aliyenifunza kazi hii Kibokoni,
alikuwa akisema tumbawe huchongwa lingali bichi,
likitoka majini ni laini kama boflo,
ukilichelewesha upeponi linafunga roho.
"Samaki mkunje angali mbichi,
na jiwe pia ni samaki."

Basi kulitokea nini mchana ule?
Mke alishikwa na uchungu?
Homa? Ujira ulikatika,
akafunga vyombo vyake ndani ya mkeka, akaondoka?
Hakuacha jina.
Juu ya mawaridi kuna aya, herufi zimeinuka, safi,
kazi ya mkono mwingine, uliojua kusoma.
Wake ulijua mawaridi.

Nilijaribu ncha ya patasi kwenye petali ya sita.
Ikateleza. Jiwe likalia ti! kama kikombe,
nami nikaona haya
kama mtu aliyemkatiza mwenziwe dua.

Alasiri akaja mwenyekiti, Bwana Mahazi,
na maboksi kumi na mawili ya vigae
vyenye picha ya marumaru.
"Vitang'aa hivi! Tubandike lini?"

Nikapapasa ukuta. Nikanusa kidole.
"Una unyevu, bwana. Havitashika. Tungoje ukauke."
"Mpaka lini?"
"Jiwe la namna hii hukauka polepole."

Ukuta ni mkavu kama kuni.
Nimesema uongo ndani ya msikiti,
viatu nimevua,
udhu ninao,
uso nimeuelekeza kibla.