Silabi ya Mbele

Fomu zilifika kambini ndani ya boksi la biskuti,
zikiwa bado na joto la mashine ya Kasulu.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa siku, pamoja na soda.
Neno la juu lilikuwa refu, likapita mstari wake:
ripatriesheni.

"Hili ndilo nini?" akauliza Spesiose Nahimana,
miaka kumi na tisa, unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko.

Nilisoma Kilatini miaka miwili kwa mapadri
kabla hawajanifukuza kwa sababu ya redio.
Basi nikalipasua kama mgebuka, kichwa huku, mkia kule.
Patria: nchi ya baba.
Na mbele yake silabi moja, ri,
fupi kama kikohozi cha karani:
tena; kule ulikotoka.

"Baba katoka Makamba," akasema.
"Mimi nimezaliwa hapa, nyuma ya bomba namba nne,
siku ya mgawo wa mahindi. Mama alikosa zamu.
Nitarudije nisikowahi kwenda?"

Nikaona haya kwa niaba ya silabi ile.
Nikakimbilia Kiswahili, nikidhani huko kuna nafuu.
Sisi mzigo huu twaufunga mkiani mwa kitenzi:
rudi, mtu na miguu yake;
rudisha, tayari kuna mkono mgongoni;
rudishwa,
mkono upo, mwenye mkono haonekani.

"Harakisheni, basi la Manyovu linaondoka saa nne!"

Akachukua kalamu yangu.
Akaikata ile ri kwa mstari mmoja,
taratibu, kama mtu anayekata ukucha wa mtoto.
Kilichobaki hakimo katika kamusi yoyote.
Tulikitazama wote wawili.

"Kwenda nchi ya baba," nikamfasiria.
"Hapo sawa. Kwenda naweza."
Akatia sahihi, herufi za shule ya mahema,
na alama ya dole gumba, nyeupe kwa unga.

Karani aliipokea fomu, akaigeuza, akaipuliza,
akainyoosha kwenye mwanga wa dirisha.
"Imeharibika hii," akasema,
akavuta nyingine kutoka kwenye boksi la biskuti.
"Mwambie ajaze tena."

Nikafungua mdomo kutafsiri.
Alikuwa ameshalisikia.
Tena.
Hilo halikuhitaji mkalimani.